Bwawani Mazara

Zuwena kaendesha saa nzima bila neno,
kisha kona moja tu, milima ikaachana:
maji. Kijani kizito, kama kisamvu kilichoiva.

"Bibi hakuyaona haya," kasema.
"Hapa palikuwa kokoto, mbuzi na jua."

Tukatandika mkeka wa plastiki kibandani.
Kahawa, tende, na mkate wa kumimina
alioupika kwa kukisia, mama yake simuni
akimwelekeza kutoka Nizwa.
Haukuumuka. Tuliumaliza.

Akaniuliza habari za Vuga, asikowahi kufika,
kwa maneno ya bibi yake.
Mimi gari, yeye motokari.
Mimi hospitali, yeye spitali.
Nilitaka kumsahihisha. Nikala tende.

Adhuhuri upepo ulikata.
Mlima ukaingia majini kichwa chini
na hakuna aliyejali kuutoa.

Nilipitiwa na usingizi.
Nilipoamka, mbuzi mmoja
alikuwa akitafuna kifuniko cha chupa yetu,
na Zuwena, viatu mkononi, ukingoni,
akiyasemesha maji kwa Kiunguja,
taratibu,
kama anayemsihi mgeni asiondoke leo.

Nikafumba macho tena.
Mbuzi nikamwachia kifuniko.