Gari la Buluu

Alhamisi, saa nne. Theluji ya Kutaisi dirishani.
Tornike havui koti.
Anawapita wanasesere, anaupita udongo wa rangi,
moja kwa moja hadi kwenye sinia la mchanga,
analizika gari la buluu.

Wiki ya tano hii. Analizika, anaupapasa mchanga
kama mtu anayelaza mtoto,
kisha ananitazama: nitauliza?

Siulizi. Mwalimu wake ameandika:
"Haongei. Anauma wenzake."
Bibi yake kaninong'oneza langoni:
baba yuko Poland, dereva wa lori,
simu haipatikani tangu zabibu zivunwe.
Nami nimesomea maswali, tena mengi.
Yote nimeyakalia.

Leo naokota kijiko.
"Na mimi nichimbe wapi?"
Ananyoosha kidole: kule, mbali na lake.
Tunachimba. Koti linamzuia, analivua bila kujua,
mchanga unamwingia mikononi mwa sweta.
Kengele inalia, hatuisikii;
yaani, tunaisikia, tunanyamaza.

Mlangoni anageuka, anarudi mbio,
analifukua gari nusu tu,
taa mbili zichungulie.
"Ili aone njia," anasema.

Ameondoka.
Koti liko kitini, mfukoni lina mchanga.