Mizani ya Moshi

Mihayo alinishikisha ncha ya utepe,
nikauzungusha mninga, kimo cha kifua.
Akasoma: mia moja na tatu.
Akaandika, akapaka chokaa gomeni,
tukaenda kwa mti mwingine.

Siku ya tatu nikauliza, tunapima nini?
Akasema: ukaa.
Nikasikia makaa, nikacheka.
Shemeji Mayunga alikamatwa barabara ya Sikonge
na magunia mawili juu ya baiskeli;
yeye faini, mimi posho.
Neno ni lile lile, limebadilishwa kofia tu.

Kuuza tusichokipangia bei, huko tumezaliwa.
Baba alilima tumbaku miaka ishirini na sita.
Akafunga mitumba, akaipanga ghalani,
mteuzi akapita, akanusa, akataja daraja,
macho yake kwenye jani, kamwe si kwa baba.
Bei ilikuja kwa dola, imeshapoa.
Na lile bani, usiku kucha likitafuna magogo,
moshi wake nani aliwahi kuupima?
Ulipanda bure.
Mama alikohoa bure.

Sasa moshi una bei.
Mwenyekiti Nyanzobe alitusomea mkutanoni:
kuna kiwanda, ng'ambo huko, kinatozwa kwa kila tani
kinayopumua juu,
nacho badala ya kuzima tanuri
kinanunua pumzi ya miyombo yetu.
Mzee mmoja nyuma akauliza,
kinalipa ili kiache, au kinalipa kisiache?
Nyanzobe akavua miwani, akaifuta kwa kitenge,
akasema swali limeandikwa.

Si kwamba sioni. Darasa mbili zimepauliwa.
Zahanati ina taa, na mke wa Mayunga
kajifungua chini ya taa hiyo,
mume wake akiwa bado anadaiwa faini.

Jana tukafika kwenye mti wa baba.
Mzinga wake ungali juu, gome limekunjamana,
nyuki wanaingia na kutoka kama wenye hati.
Nikazungusha utepe.
Nikaulegeza.
Kidogo, upana wa vidole viwili.
Mihayo akasoma, akaandika, hakuinua kichwa.
Nikajiambia: ile mizani ya ghalani
ilimwonea baba misimu yote ile,
vidole viwili ni nini?

Usiku sikupata usingizi.
Nilikaa jikoni, kaa la mwisho likififia jikoni mwake,
nikihesabu: vidole viwili ni moshi kiasi gani?
Maana utapanda. Huko uliko, utapanda,
umelipiwa, una stakabadhi,
na jina lililoandikwa humo ni la mti wetu,
kwa unene ambao mti haujaota.

Asubuhi nikaazima utepe kwa Mihayo.
Aliniuliza wa nini, sikujibu.
Nikaenda peke yangu, umande magotini,
nyuki bado hawajaamka.