Mbio za Polepole

Julai. Shule zimefunga, nami nikafunga cherehani.
Nikaiambia Ngamiani: baki na vumbi lako,
mimi napanda.

Basi la saa kumi na mbili liliondoka saa kumi na mbili,
jambo la kuandikwa ukutani.
Muheza machungwa yalituchungulia madirishani
ndani ya nyavu, kumi kumi,
kama mabao ya timu iliyodhalilishwa.
Nikanunua. Segera nikamenya.
Mombo nikashuka, magoti yamekufa ganzi,
nikahesabu mifuko: mitatu.
Nilitoka na minne.
Wa nne ndio uliokuwa na sweta.

Hivyo nilifika Bumbuli meno yakigongana,
kitenge nimekivuta hadi masikioni,
na dada yangu Zaituni akanicheka kabla ya kunisalimu.
"Onga mshi," akasema. Kisha:
"Bado una haraka ya kusahau vitu."

Kesho yake, uwanja wa shule ya msingi.
Ukungu haukualikwa, lakini ulikaa mstari wa mbele.
Walimu walivuta kamba na wauza mboga,
wakaburutwa kama gunia la karoti.
Zikaja mbio za yai na kijiko;
mayai ya upande mmoja, tuligundua baadaye, yalikuwa ya kuchemsha,
na kesi hiyo ingali kwa mtendaji.
Kipaza sauti cha Mbelwa kilisema neno moja, kikakohoa matatu.

Kisha baiskeli.
Hatua hamsini, kila mtu na njia yake ya chokaa.
Usiguse chini. Usirudi nyuma.
Wa mwisho kufika ndiye mshindi.

Walisimama sita: Kihiyo kinyozi, Singano wa maziwa,
vijana watatu wenye breki mpya,
na dada yangu juu ya baiskeli ya marehemu baba,
isiyo na kengele,
tandiko lake nimelishona mimi.

Filimbi.
Kijana mmoja akasahau, akachanja mbuga,
akafika, akanyanyua mikono, akashangilia peke yake.
Nikamtazama sana yule kijana.

Dada yangu huyu walimwita mchelewaji tangu tumboni:
wiki mbili kuzidi.
Alichelewa meno, akachelewa kutembea,
darasa la saba alilimaliza pamoja na mimi niliyemfuata.
Mama akisema: huyo ukimtuma chumvi, mboga italiwa kesho.
Aliolewa ana miaka arobaini na mmoja,
na mtu aliyemtaka.

Sasa yuko juu ya magurudumu mawili,
hasogei, haanguki.
Nyonga zinauliza, usukani unajibu kidogo.
Pindo la kanga tu ndilo linalosafiri.
Kihiyo akagusa chini. Vijana wakagusa, mmoja baada ya mwenzake.
Singano aligusa, akakana,
mbwa wake mwenyewe akambwekea.
Uwanja mzima ukashika pumzi, hata kipaza sauti;
nikasikia mnyororo ukihesabu
jino moja,
kisha, baada ya kufikiri,
jino jingine.
Mtoto mgongoni mwa jirani alilala, akaamka, akamkuta palepale.

Alipovuka mstari, chokaa ilikuwa imeshaanza kufutika.

Walimpa beberu. Hakuja kwa hiari.
Mbelwa akataka kutupa ile methali ya haraka na baraka,
betri ikakata.
Tukashukuru.

Basi langu la kurudi lilikuwa la alfajiri.
Zaituni alinisindikiza akisukuma baiskeli,
mimi mbele, yeye nyuma,
katikati beberu aliyekataa kubaki, anatafuna pindo la kitenge changu.
"Jana," akasema, "ungekuwa wewe, ungeshika nafasi ya ngapi?"

Nikiwa natafuta jibu la kumshinda
tuliliona basi likiteremka kuelekea Soni,
taa mbili nyekundu,
kona, kisha taa moja,
kisha ukungu.

Hakuna aliyekimbia.
Nyumbani maharage yalikuwa bado motoni,
nayo hayakuwa na dalili ya kuiva.