Panya Nambari Kumi na Saba

Nimemlaza chali, miguu imeshikwa kwa plasta:
gramu ishirini na mbili, pamoja na usingizi wake.
Pua imo ndani ya kikombe cha dawa.
Mgongoni nimemtandikia joto,
maana aliyelazwa kwa dawa hupoa upesi
nami sipendi kumrudisha kizimbani akitetemeka.

Daktari Nabisubi anachungulia: "Umeme utatufikisha?"
"Tuombe," namjibu.
Hapa Mulago hata kipimo huanza kwa dua.

Mashine inamzunguka. Haipigi picha ovyo, ina adabu:
humngoja avute, humngoja atoe,
na katika kituo kile kifupi,
mwili unapokaa kimya kabla ya kudai tena,
ndipo inapobofya.
Pumzi. Pumua. Pumzika.
Aliyeyazaa maneno haya kutoka tumbo moja
alikwisha kuiona picha hii
bila eksirei.

Vipande mia tano vinajipanga kwenye kioo.
Huku nyeusi ndiyo afya, ni hewa;
weupe ndio tunaouogopa.
Mirija inagawanyika kama njia za Katanga,
uchochoro ukizaa uchochoro
hadi pale mchora ramani anapokata tamaa.
Na pale chini, upande wa kulia,
ukungu.

Wiki kumi na mbili amevuta moshi wa mkalitusi,
saa moja asubuhi, saa moja jioni,
kama mpishi.

Kiswahili nilikipata kambini, Jinja,
ambako mama alipika kwa kuni mbichi.
Aliinama, akapuliza, akakohoa, akapuliza.
Akasema ni vumbi.
Pumzi yake ndiyo iliyotuivishia matooke.
Hakuna aliyempiga picha ya kifua,
na ile moja ya uso, ya kitambulisho,
imefifia.

Giza.
Jenereta inaguna, inasita.
Mkeka wa joto umekatika; namfunika kwa kiganja.
Kidole changu ni kizito kuliko kifua chake chote
lakini kinasukumwa juu,
kinashushwa,
kinasukumwa.
Nahesabu. Nafika thelathini na nne
ndipo taa zinarudi, na kazi yote
yaanza upya.

Zamani tuliwapasua ili tuone.
Mmoja, siku moja, basi.
Huyu nimemwona mara nne, akizeeka na kovu lake,
na kila mara ameamka, akajipangusa sharubu
kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimelala.
Sisemi ni huruma. Mwisho wake umekwisha kuandikwa kwenye itifaki,
ukurasa wa tisa, kwa mwandiko wangu.

Naandika daftarini: 17. Ameamka saa tatu na dakika nne.
Nafungua dirisha kuitoa harufu ya dawa.
Chini ya kilima Katanga inapika,
na moshi unapanda kwetu bila haraka,
kama mtu anayeijua njia.