Kidato cha Saba

Nyumba yetu ya Langoni ina vidato kumi na tatu
kutoka kiwandani hadi chumba cha juu.
Najua, kwa sababu mwaka huu nimevihesabu
kama mtoto anayejifunza juzuu,
na kila siku nafeli palepale: cha saba.
Hapo hukaa, mgongo ukutani,
beseni la nguo mapajani,
huku Barke akiniruka kwenda juu
na kuniruka tena akirudi.
"Mama, umerudia kidato," anasema.
Nacheka kwa kiasi.
Kicheko nacho kina gharama yake.

Kwanza ilikuwa baridi.
Kaskazi limewaka, watu wanalala darini,
mimi nimo blanketini na soksi za shemeji.
Kisha nywele, zikibaki kwenye kitana
kama uzi uliokatwa vibaya.
Kisha sauti: Bi Swafia akapiga hodi, nikaitika,
naye akajitanda haraka, akidhani ni mume wangu.

Walisema kijicho. Walisema mimba.
Wifi alisema, jikoni, wala hakunong'ona:
"Mekuwa mvivu huyu."
Hilo ndilo lililoniangusha,
maana nami nilishaanza kuliamini.

Damu yangu ikapanda boti, ikapanda basi,
ikafika Mombasa, mbali kuliko nilikofika mimi mwaka ule.
Ikarudi karatasi.
Sista Kavutha akanigusa koo kwa vidole viwili,
kama mtu anayepima kitambaa.
"Meza mate." Nikameza.
"Tezi yako ya hapa imelala.
Na ikilala, wewe mzima unalala nayo."
Nililia. Si kwa ugonjwa,
ila kwa kuwa una jina,
na jina lenyewe si uvivu.

Sasa kila alfajiri, kabla ya neno lolote,
kidonge kimoja, hakizidi tundu la kofia,
na maji matupu.
Kisha saa nzima ya kuitazama birika.
Athmani anakunywa yake ya maziwa barazani,
akijitahidi asipige mafunda.

Nilidhani dawa ni taa, unabonyeza.
Kumbe ni bomba la mtaa wetu:
siku nyingi paipu inakoroma
kabla hujaona tone.
Wiki sita, damu tena. Hamsini ikawa sabini na tano.
Wiki sita nyingine.

Na katikati ya hapo, sijui nieleze vipi.
Huu si usingizi wa mtu aliyefanya kazi.
Ni kuvaa nguo zilizolowa na kuambiwa tembea.
Nashona kofia ya Bwana Shekuwe, ya arusi ya mwanawe:
matundu matano, nalala sindano mkononi.
Kesho yake matatu.
Siku moja nikashona moja,
nikaliona zuri, nikafunga kazi.

Juzi punda amebebeshwa mchanga
akasimama katikati ya uchochoro, akakataa.
Hakuomba radhi.
Watu wakajibana ukutani, wakampisha,
pamoja na wifi yangu na kapu lake.
Nilimtazama dirishani kwa wivu.
Usiku huo nikasema, moyo ukinidunda:
"Wifi, kesho wali utapika wewe."
Aliupika. Uliungua kidogo. Tulikula.

Kofia ilikwisha miezi mitatu baada ya arusi.
Shekuwe akaigeuza, akaona upande
ambao matundu yamepinda kama njia ya ng'ombe.
"Na hapa je?"
"Hapo nilikuwa naumwa. Nikufumulie?"
Akafikiri. Akapunguza mia mbili, akaivaa.

Jana nilipanda na beseni.
Nilikuwa nawaza chumvi, kama itatosha samaki,
nikajikuta juu, jua usoni, kamba ya nguo mbele yangu.
Sikuwa nimehesabu.

Leo nimekaa tena cha saba.
Barke amekuja mbio, hakuniruka.
Amekaa cha sita, amefungua daftari,
na kuniuliza saba mara nane.