Ningu wa Chini ya Ukuta

Nzi nimemfunga mwenyewe jana usiku:
unyoya wa kanga, uzi wa sweta ya shule ya Akeyo,
ndoana ndogo kuliko ukucha.
Hiyo ni ya trauti wa Kericho, Ogweno alinicheka,
ningu hunyonya tope.
Najua. Mimi natupa tu.

Saa kumi na mbili king'ora kinalia Sondu,
mitambo inakohoa, maji yanatoka baridi,
yamesahau yalikotoka.
Naruka jiwe hadi jiwe, suruali imelowa mapajani.

Mvua ya mlimani imefika, na wao wamefika
kutoka ziwani, mamia,
wakigonga saruji kwa vichwa
pale walipopita nyanya zao.

Mshipi ukakaza.
Hakumeza: ndoana ilimnasa pezini
kwa bahati mbaya, yake au yangu.
Tumbo limejaa mayai. Karibu kilo.
Sokoni, mia nne bila kubishana.

Nikamtia kwenye ndoo ya rangi, nikafunika kwa koti,
nikapanda njia ya mafundi, ngazi mia tatu na kitu,
nikihesabu, nikimwagikiwa.

Juu ya ukuta maji yamelala.
Alikaa kidogo mkononi mwangu, akipumua,
kisha hakuwepo.

Ogweno bado anauliza mboga iko wapi.