Sekunde Kumi na Nne

Ruwi, katikati ya Julai, nimezima kiyoyozi
kwa kuwa kinanda hiki kikongwe kinanasa kila kitu:
friji, lifti, Mhindi wa juu akikuna nazi.
Njia tatu nimezijaza mapigo.
Ya nne nimemwekea shangazi.

"Sema lolote, Bi Thuwaiba. Zimebaki sekunde kumi na nne."
"Lolote lipi?"
Taa nyekundu.
"Joto hili litatuua, mwanangu. Washa eisii."
Basi. Imeingia.

Naikata mkia, naitandaza kwenye vitufe.
Cha katikati, ni yeye.
Nashuka oktava moja: sauti inazama, inaburuta miguu,
joto hili, mwanangu,
na kipepeo cha kadibodi kinasimama mkononi mwake.
"Huyo Khelef."
Kaka yake. Kaburi liko Wete, mimi sijazaliwa.

Napanda juu: kitoto chembamba,
kinakimbia na maneno yale yale.
Huyo hakumtaja. Alitazama zulia.

Kioo kinauliza: kuhifadhi, au kufuta?
Jasho linamdondoka kidevuni.
Nanyoosha mkono kwenye rimoti, ananizaba vidole.

"Ngoja, wewe.
Nirudishie Khelef kwanza."